Mwandishi, Mwanafunzi na Haki ya Jirani

Kila Jumamosi alasiri, katika chumba kimoja cha shule ya msingi huku Mbagala, vijana wapatao kumi na wawili hukutana kujifunza kuandika michezo ya televisheni. Madawati ni ya watoto wadogo, hivyo magoti ya wanafunzi hawa hayana pa kukaa. Mwalimu wao ni mtu aliyeishi kwa kalamu zaidi ya miaka kumi, akiviandikia vituo vya televisheni michezo ambayo wengi wetu tumeitazama bila kujua jina la aliyeitunga. Zamani alikuwa mwanafunzi wangu. Nilimfundisha vina na mizani barazani kwangu, nyakati za jioni, nilipokuwa nimerudi kutoka ofisini.

Siku moja alinijia, akaniamkia, kisha akasema: "Mzee, wanafunzi wangu wananiuliza kama ni halali kuandika maisha ya watu wa mtaani bila idhini yao. Niwajibu nini?"

Siku ile sikumjibu. Insha hii ndiyo jibu langu. Nalitoa mbele ya walimu na wanafunzi wote kwa sababu swali hilo si la watu wa televisheni peke yao. Ni la kila mtu aliyewahi kushika kalamu akaandika habari za mtu mwingine, na ni la kila mwalimu aliyewahi kumwambia mtoto, "Tunga insha juu ya jambo uliloliona." Aidha, kama atakavyoona msomaji, ni swali ambalo mimi mwenyewe nina deni ndani yake.

Kwanza yafaa tuitazame kazi yenyewe. Kuandika michezo ya televisheni ni kazi changa nchini mwetu, lakini ukoo wake ni mkongwe. Bibi aliyeketi na wajukuu jioni akawaambia "Paukwa", nao wakamwitikia "Pakawa", alikuwa mtunzi na mchezaji kwa pamoja: alibadili sauti kwa kila mnyama, na alijua ni wapi pa kunyamaza ili watoto wasogee karibu. Baadaye ikaja redio. Sisi tuliokua katika miaka ya 1970 na 1980 twakumbuka jinsi watu wa nyumba tatu au nne walivyokusanyika kwenye redio moja kusikiliza michezo ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na jinsi Pwagu na Pwaguzi walivyowachekesha wazee ambao kwa kawaida hawakucheka mbele ya watoto. Unguja ilipata televisheni mwaka 1973, nayo ilikuwa ya rangi tangu mwanzo. Bara ilingoja hadi mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Hapo ndipo vikundi vya maigizo, Kaole kikiwa kimojawapo kilichovuma sana, vilipopata uwanja mpya.

Aghalabu vikundi vya mwanzo havikuwa na mswada kamili. Wachezaji walielezwa kisa, wakapatana juu ya mwanzo na mwisho, kisha kila mmoja akajitafutia maneno mbele ya kamera. Mwandishi alikuja baadaye, watu walipotambua kuwa kisa kisichoandikwa hupotea njia. Kazi yake ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Mtunzi wa riwaya akitaka mvua huandika kwamba mvua ilinyesha, nayo hunyesha. Mwandishi wa televisheni akiandika hivyo, yupo mtu atakayemwuliza maji yatatoka wapi na nani atayalipia. Maneno yake hukatwa wa kwanza, na ujira wake hulipwa wa mwisho. Ndiyo maana wengi wao hufanya kazi ya pili, na si ajabu kazi hiyo ya pili ikawa ni kufundisha.

Je, uandishi hufundishika? Wako wanaosema kuwa mtu huzaliwa nao. Mimi siafiki. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotoa kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, alionyesha kwamba yaliyokuwa yakirithiwa kwa kusikia yanaweza kuwekwa wazi, yakasomwa na mtu yeyote mwenye nia. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani ambayo iliziacha sheria hizo, na ubishi mkubwa ukazuka baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko. Lakini hata katika ubishi ule pande zote mbili zilikubali jambo moja: kwamba umbo la utungo ni kitu cha kujadiliwa, kupimwa na kufundishwa. Walibishana juu ya umbo lipi tu.

Tena taifa letu limekuwa na bahati ya kuwa na waandishi wa michezo ambao walikuwa walimu. Ebrahim Hussein, mtunzi wa Kinjeketile ya mwaka 1969, alifundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Penina Muhando, aliyeandika Hatia mwaka 1972 na Nguzo Mama mwaka 1982, alifundisha hapohapo. Vivyo hivyo Amandina Lihamba, mtunzi na mchezaji wa jukwaani na wa filamu. Watu hawa hawakuacha kuandika ili wafundishe, wala hawakuacha kufundisha ili waandike. Mwalimu anayeandika ana faida moja kubwa kuliko mwalimu asiyeandika: yeye ameshindwa mara nyingi, na anakumbuka alishindwa wapi.

Basi umbo hufundishika. Lakini liko jambo jingine ambalo sisi walimu hulisahau kwa kuwa halimo katika sheria za vina wala katika kanuni za mswada. Nalo ni hili: mwanafunzi akishajua kuandika vizuri, ataandika nini, na kitendo hicho kitamfanyia nini mtu anayeandikwa? Hapa ndipo deni langu lilipo.

Mimi nilikuwa nikimwambia kijana yule maneno ambayo kila mwalimu huyasema: "Andika uliyoyaona kwa macho yako. Achana na visa vya sinema za watu." Alinisikia. Alikuwa mpangaji katika nyumba moja ya mtaa wetu, chumba kimoja, uani. Katika nyumba hiyohiyo aliishi mama mmoja na mumewe na watoto. Siku moja ya masika mume alimpa mkewe talaka hadharani, mbele ya wapangaji wote. Vyombo vikatolewa nje, na mvua ikavinyeshea. Kijana aliona yote kwa dirishani.

Miaka miwili baadaye kisa kile kilionekana katika televisheni. Jina la mama lilibadilishwa, lakini mengine yote yalikuwa vilevile: godoro lililolowa, cherehani iliyobebwa na watoto wawili, hata maneno aliyoyatamka yule mama alipoketi juu ya ndoo akilia. Mwisho tu ndio uliokuwa mpya. Aliyenunua mchezo alitaka watazamaji watoke machozi, kwa hiyo mke aliyeachwa alikufa kwa huzuni, na mume akajuta makaburini.

Mimi nilikuwa wa kwanza kumsifu. Nilimpa mkono, nikamwambia, "Sasa umekuwa mwandishi." Sikuwa nimejua kisa kilitoka wapi. Nililijua hilo baada ya wiki moja, nilipopita karibu na bomba la maji nikasikia watoto wakiyarudia maneno yale ya mchezo kwa sauti ya kilio cha kuigiza, huku wakicheka. Yule mama alikuwa amejitwika ndoo, anapita. Hakugeuka.

Nimelifikiri jambo hili kwa muda mrefu. Nimejaribu kumtetea mwanafunzi wangu, na kwa kumtetea yeye nijitetee nafsi yangu. Nitazieleza hoja zangu moja baada ya moja, ili msomaji apime mwenyewe kama zinasimama.

Hoja ya kwanza ni ya sheria. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Sheria hiyo hulinda kazi ya mtunzi isiibwe. Kijana hakuiba kazi ya mtu. Mswada ni wake, neno kwa neno. Lakini nikageuza ukurasa. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, yasema kwamba kila mtu anastahili kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na unyumba wake. Yule mama hakwenda mahakamani, wala sidhani aliwahi kuisoma ibara hiyo. Hata hivyo, haki ya mtu haianzi siku anapoidai. Sheria ya kwanza ilimlinda mwandishi kwa majirani; ibara ya 16 ilinikumbusha kuwa hata jirani ana wa kumlinda.

Hoja ya pili ni ya sanaa. Husemwa kwamba sanaa ni kioo cha jamii, na kwamba wahenga wetu wenyewe walinena: mficha uchi hazai. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tukiogopa kuandika ya uani, talaka za dhuluma zitaendelea gizani. Hoja hii ina nguvu, nayo ina ushahidi katika historia yetu. Siti binti Saad, yule mwimbaji mashuhuri wa Unguja ambaye sauti yake ilinaswa katika sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928, aliimba juu ya mambo yaliyotokea mjini. Wimbo wake wa Kijiti ulieleza mauaji ya kweli ya mwanamke aliyekuja Unguja mgeni kutoka Dar es Salaam, na ukamtaja muuaji aliyetoroka. Nani atathubutu kusema Siti alikosea?

Lakini tazama tofauti. Marehemu katika wimbo ule hakuwa na kinywa tena. Siti alikuwa kinywa chake. Aliyeaibishwa na wimbo alikuwa mkosaji. Katika mchezo wetu mkosaji alikuwa mume, naye alihama mtaa, wala hakuna mtoto aliyemwiga. Aliyebaki na aibu alikuwa aliyetendewa. Hapa nimepata kipimo ambacho naona chafaa kufundishwa darasani: kisa kikishasimuliwa, ni nani anayeinua kichwa, na ni nani anayekiinamisha? Ama ile methali ya mficha uchi, yatupasa kuisoma vizuri. Anayejifunua ili azae hujifunua mwenyewe, mbele ya mkunga wake. Methali haikusema jirani amfunulie pazia.

Hoja ya tatu ni ya shabaha njema. Nilijiambia kuwa mchezo ule ulifundisha ubaya wa talaka, na kwamba faida ya wengi yaweza kuzidi maumivu ya mmoja. Wanafunzi hupenda sana hoja hii, kwa hiyo tuikague kwa mfano. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo uitwao Twende na Wakati, ulioandikwa kufundisha uzazi wa mpango na kinga ya ukimwi. Njia yake ilitokana na kazi ya Miguel Sabido wa Mexico, ambaye tangu miaka ya 1970 aliandika michezo ya televisheni yenye wahusika wa aina tatu: mwema, mbaya, na yule anayesitasita katikati, ambaye ndiye msikilizaji hujiona ndani yake. Kabla ya kuandika, watu walihojiwa ili yajulikane wanayoyaamini na wanayoyaogopa. Katika mchezo huo alikuwamo dereva wa lori aitwaye Mkwaju, mpenda wanawake, aliyefikwa na maradhi. Kwa muda wa miaka miwili mchezo ule haukurushwa Dodoma, ili wachunguzi walinganishe waliousikia na wasiousikia, nao walikuta kwamba mchezo ulikuwa umewabadili watu.

Basi Mkwaju alifundisha wengi. Lakini hakuna dereva hata mmoja wa nchi hii aliyeweza kusema, "Mkwaju ni mimi, mmenianika." Alifinyangwa kwa udongo wa watu wengi. Hivyo hoja ya faida ya wengi yaanguka: somo halikuhitaji kumtoa kafara jirani mmoja. Kumwandika mtu mzimamzima mara nyingi si ushujaa. Ni kupunguza kazi ya kufikiri.

Hoja ya nne ni ya njaa, nayo ndiyo niliyoiheshimu kuliko zote. Kijana alikuwa na kodi ya chumba na mtoto mchanga. Aliyenunua mchezo alitaka kisa baada ya siku nne. Mkono mtupu haulambwi. Ni rahisi mtu kama mimi, mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi, kuwahubiria waandishi juu ya staha. Nakiri hivyo. Hata hivyo, njaa yaweza kueleza kwa nini jambo lilitendeka. Haiwezi kulifanya kuwa jema. Mwenye njaa akichuma muhogo katika shamba la mwenziwe, twaweza kumsamehe, lakini hatusemi muhogo ulikuwa wake. Na tunaofundisha twapaswa kuwaambia wanafunzi wetu mapema kwamba siku hiyo ya njaa itakuja, ili wajue kabla ni shamba lipi hawataliingia.

Hoja zangu zikaniishia. Ndipo nikamwambia kijana kwamba hapana budi twende. Tulikwenda sote wawili, baada ya magharibi, maana kosa lilikuwa la wawili. Mama yule alikuwa amehamia chumba kingine, mtaa wa pili. Tulimkuta amekaa mlangoni chini ya taa, anashona sare za shule. Kijana alimwamkia, akapiga magoti, akaanza kueleza. Mama aliendelea kushona mpaka mshono ukaisha, akakata uzi kwa meno.

"Karibuni," akasema. "Nilijua mtakuja. Mmechelewa tu."

Kisha akamgeukia kijana. "Kulia nililia, mwanangu. Huo ni ukweli, na waliokuwapo waliona. Ungekuja ukaniuliza, labda ningekupa ruhusa, labda nisingekupa. Hilo tuliache. Lakini mbona uliniua? Cherehani uliiona ikibebwa na wanangu kwenye mvua. Hukuuliza ilipelekwa wapi?" Akaipiga cherehani kofi dogo, kama mtu ampigaye mtoto mgongoni. "Hii hapa. Imesomesha watatu."

Hakusema kwamba ametusamehe, nasi hatukuthubutu kuuliza. Alitupa chai. Watoto wa bombani waliendelea na mchezo wao kwa miezi kadhaa, mpaka walipopata kichekesho kingine; radhi yetu haikuweza kuwafikia. Neno likitoka katika televisheni halirudi kwa njia liliyotokea.

Nilikuwa nimekwenda pale nikidhani kosa letu ni moja, la kuanika siri. Nikarudi nikijua ni mawili. La pili ni kwamba tulisema uongo juu yake. Tulichukua kilio cha siku moja, tukaacha kazi ya miaka. Tena makosa hayo mawili ni ya shina moja: hatukuuliza. Mwandishi aliyetazama kwa dirishani aliona vyombo na machozi tu, kwa sababu dirisha halionyeshi zaidi ya hapo. Lau angegonga mlango, angepata idhini, ama angeikosa; lakini pia angeisikia habari ya cherehani, na mchezo wake ungekuwa bora zaidi. Staha na ukweli, ambavyo watu hudhani hugombana, kwa kisa hiki vilikuwa vikielekeza njia moja.

Jambo hili watu wa Mbagala walipaswa kulijua kuliko wengine. Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu ya ghala la jeshi yalilipuka hapa kwetu. Watu zaidi ya 20 walikufa, nyumba nyingi zikaharibika. Kamera zilikuja, kama ilivyopasa, na nchi nzima ikatuona tukilia na kukimbia na watoto mgongoni. Habari ile ilikuwa ya kweli, nayo ilituletea huruma na misaada. Hata hivyo, kwa muda mrefu baadaye, mtu akisikia kuwa natoka Mbagala aliniuliza juu ya mabomu. Hakuuliza juu ya soko la Rangi Tatu linaloamka kabla ya jua, wala juu ya mafundi waliozijenga upya kuta zile. Tulijua basi uchungu wa kujulikana kwa kilio peke yake, na bado tukamtendea hivyo mwenzetu.

Njia ya kuuliza si ngeni nchini mwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Muhando, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Mlama, pamoja na Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu, walikwenda kijiji cha Malya, mkoani Mwanza. Hawakufika na mchezo mkononi. Wanakijiji wenyewe walichagua matatizo ya kuchezwa, wakayacheza kwa ngoma na maigizo yao, kisha wakajadiliana juu yake. Mwaka 1996 ukaanzishwa mpango wa Tuseme katika shule za sekondari, ambamo wasichana walitumia michezo kueleza vikwazo vya masomo yao kwa vinywa vyao wenyewe. Jina la mpango huo lina funzo la sarufi kwa kila mwandishi: kitendo kiko katika nafsi ya kwanza. Si "tuwaseme".

Mtu aweza kuuliza: je, mwandishi asichukue kamwe kisa kisicho chake? Siendi mbali hivyo. Sembène Ousmane wa Senegal aliandika hadithi Le Mandat, iliyotoka mwaka 1966, juu ya mtu aliyetumiwa hawala kutoka Paris akashindwa kuipokea kwa kukosa kitambulisho. Mwaka 1968 akaifanya filamu, Mandabi, kwa lugha ya Kiwolofu, ili hata wasiojua kusoma waielewe. Mwaka 1980 Amandina Lihamba akaigeuza kuwa mchezo wa Kiswahili, Hawala ya Fedha. Kisa kilisafiri kutoka Dakar hadi kwetu, lakini kilisafiri mchana, na jina la mwenyewe likiwa juu yake. Kukopa kwa kutaja si wizi. Wala sisemi kwamba mwenye madaraka aliyeiba mali ya umma aombwe idhini kabla ya kuandikwa. Aliyotenda katika dhamana ya watu ni habari ya watu. Idhini ni ngao ya faragha. Isigeuzwe kuwa pazia la dhuluma.

Sasa naweza kumjibu kijana wangu. Waambie wanafunzi wako hivi: anayeandika juu ya aliye dhaifu aanze kwa kugonga mlango. Akikataliwa, akiache kisa hicho, hata kama ni kizuri kuliko vyote alivyowahi kuvisikia. Akikubaliwa, asiandike kilio mpaka ajue cherehani ilipelekwa wapi. Na asipoweza kugonga mlango, basi afinyange mtu mpya kwa udongo wa wengi, afanye kazi ya kufikiri ambayo ndiyo kazi aliyoichagua.

Nimesikia kwamba tayari ameanza kuwafundisha hivyo. Alimtuma kila mwanafunzi akahoji mtu mmoja wa mtaani kwake na kurudi na kisa. Msichana mmoja alirudi na daftari tupu. Alieleza kwamba bibi mmoja alimsimulia habari ya ajabu kwa muda wa saa mbili, kisha akamwomba asiiandike, naye akaahidi. Wenzake walimcheka. Mwalimu alimpa alama kamili. Mimi ningefanya vivyo hivyo, ingawa nakiri kwamba ningetamani sana kukijua kisa chenyewe.

Ndugu walimu, utamaduni wa taifa si ngoma na mavazi tu. Ni namna tunavyotazamana kila siku, na televisheni imekuwa dirisha kubwa kuliko yote tuliyopata kuwa nayo. Tunapomfundisha kijana kuandika, twampa ufunguo wa nyumba za watu. Tusimpe ufunguo bila kumfundisha kupiga hodi. Nami, kwa kuwa kazi yangu ya kwanza ni ushairi, namwachia mwanafunzi ubeti huu aubandike juu ya meza yake:

Kalamu si mali yako, ni amana ya jirani,
Uandikapo wenzako, uwapime kwa mizani,
Usitangaze kituko, ukaficha ya thamani,
Kilio chake na kazi, viandike kwa pamoja.